Baada ya kung'olewa gego la mwisho: ale nini, na lini

Majumbani mwetu mgonjwa hakosi kulishwa. Mtu akilala tu, huyu anakuja na supu, yule na tende, na mwingine kaleta halwa aliyotoka nayo Nizwa. Ni mapenzi, na Mungu atuzidishie. Lakini aliyetoka kung'olewa gego la mwisho, lile ambalo kwa Kiarabu huitwa dhirsi la akili, ana siku zake saba mpaka kumi ambazo mapenzi hayo yanataka mpango.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita binti yangu wa miaka 19 kang'olewa mawili ya chini kwa mara moja, hapa Maskati. Moja lilikuwa limelala, linasukuma jino la jirani, na ufizi wake ulivimba mara tatu ndani ya mwaka. Dada yangu aliyeko London akapiga simu kuuliza kulikoni, maana kule Uingereza tangu mwaka 2000 mwongozo wa taasisi ya NICE unasema gego la mwisho lililokwama lakini halina maradhi lisiguswe. Nikamwambia la huyu lina maradhi, tena ya kumkosesha usingizi.

Basi nyumbani tukawa watatu. Mgonjwa hataki hata kufungua mdomo. Mimi na karatasi ya daktari. Na mama mkwe wangu, aliyelea watoto na wajukuu tangu Unguja mpaka hapa, ambaye tayari ameshatia chumvi kwenye maji ya moto.

"Asukutue," kasema. "Kidonda cha mdomo dawa yake chumvi."

Na ni kweli. Chumvi ni dawa. Shida ilikuwa siku tu.

Jino likishatoka hubaki shimo, na shimo hilo hujaa damu inayoganda. Bonge hilo la damu ndilo kifuniko cha mfupa na mishipa iliyo chini yake, na nyama mpya huota juu yake. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi. Madaktari huliita hilo shimo kavu, na maumivu yake si ya mchezo: huanza siku ya pili mpaka ya nne, pale mtu alipodhani anapata nafuu, yanapanda mpaka sikioni, na mdomo unanuka. Ukiielewa habari ya bonge, masharti yote ya chakula yanajieleza yenyewe.

Kusukutua siku ile ile kunaling'oa bonge. Kutema mate kwa nguvu pia. Kunywa kwa mrija kunalivuta litoke, kwa hiyo ile juisi ya parachichi ya dukani anywe kwa kijiko. Vitu vya moto sana vinaweza kurudisha damu. Na moshi ndio mbaya kuliko vyote. Mpwa wangu aliyeko Dubai alivumilia siku mbili, ya tatu akaenda kukaa na wenzake kwenye shisha. Siku ya nne alikuwa kwa daktari, ameshika shavu, anasafishwa shimo na kuwekewa dawa ndani yake. Yeye mwenyewe anasema kung'olewa kulikuwa rahisi.

Nikamsomea mama mkwe ile karatasi, neno kwa neno. "Mama, daktari kasema maji ya chumvi mazuri sana, ila yaanze kesho." Akanyamaza kidogo. "Haya. Kesho ndo kesho." Maji akayafunika, na kesho yake saa ile ile akaja nayo, yakiwa vuguvugu: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja. Binti anayaweka mdomoni, anainamisha kichwa huku na huku, kisha anayaacha yatoke yenyewe. Akafanya hivyo kila baada ya kula.

Sasa chakula. Siku ya kwanza hakuna kula mpaka ganzi iishe, maana mtu anaweza kujitafuna ulimi au shavu asijue. Kile kitambaa cha shashi kiumwe vizuri, nusu saa mpaka saa nzima, bila kufunguafungua kuchungulia. Baadaye vitu baridi au vuguvugu, vya kumeza bila kutafuna: maziwa, mtindi, laban, supu iliyochujwa na kupoa, aiskrimu isiyo na njugu. Barafu iliyofungwa kwenye taulo iwekwe shavuni dakika 20, itolewe dakika 20. Usiku alale na mito miwili.

Siku ya pili na ya tatu uvimbe ndio hufika juu kabisa, na taya linakaza. Hapo wengi huogopa na kuacha kula, na binti yangu aliacha. Mtu asiyekula hapati nguvu ya kupona, na dawa kama ibuprofeni kwenye tumbo tupu inachoma. Kilichomfungua mdomo ni bokoboko la bibi yake. Nyama aliipiga mpaka haina uzi hata mmoja, samli kidogo, pilipili manga hakutia, akaliacha lipoe. Alikula vijiko vinne asubuhi na sita jioni, nasi tukashukuru. Uji wa mchele wa nazi unafaa pia, mayai ya kuvuruga, mbatata za kuponda, ndizi mbivu, na tende zilizosagwa ndani ya maziwa.

Kuanzia siku ya nne mpaka ya saba taya linaanza kulegea. Ubwabwa wenye mchuzi, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba, dengu, tambi laini. Atafunie upande usio na kidonda, na kama wamemng'oa pande zote mbili, atumie meno ya mbele kidogo kidogo. Wali mkavu wa biriani usubiri, punje zake huingia shimoni. Hali kadhalika ufuta, bisi, njugu, chipsi, mkate wa kukaanga na pilipili. Halwa nayo ingoje: inanata, na ya kwetu haikosi lozi. Mishkaki na shuwa ni za wiki ya pili, kwa anayefungua mdomo bila maumivu. Kahawa na chai ya karak ziruhusiwe zikipoa.

Wengi huuliza habari ya udhu. Hukumu yake muulize shekhe wako. Kwa upande wa tiba, siku ya kwanza maji yasizungushwe kwa nguvu mdomoni wala kutemwa kwa kishindo. Meno mengine yaendelee kupigwa mswaki, kwa upole, bila kugusa kidonda. Mswaki wa mti usipelekwe huko nyuma kabisa mpaka ufizi ujifunge, na hilo huchukua kama wiki tatu au nne. Shimo likionekana bado liko wazi baada ya wiki mbili, msishtuke. Linajaa kuanzia chini, na mfupa wenyewe hujijenga kwa miezi.

Wazee wetu wana jambo lao la ziada. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au za kuimarisha mifupa, amwambie daktari kabla ya siku ya kung'oa. Asiache dawa yake kwa shauri la jirani. Na aspirini isitumiwe kama dawa ya maumivu ya jino lililong'olewa, maana inazidisha damu.

Yako mambo ya kutongoja kesho. Damu isiyosimama hata baada ya kuuma shashi saa nzima. Homa. Usaha. Uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua. Ganzi ya mdomo au ulimi isiyotoka kesho yake. Hayo apigiwe daktari siku hiyo hiyo. Ugumu wa kumeza au kupumua, nendeni hospitali moja kwa moja, hata usiku wa manane.

Na nyinyi mnaokwenda kumtazama mgonjwa wa jino, msiende mikono mitupu, kwetu haiwi. Pelekeni bakuli la bokoboko lililopoa, au chupa ya laban. Msimsemeshe sana, taya linamuuma. Halwa mpeni mama mkwe.