Faraja ya Filamu Tunayoijua Mwisho Wake

Nchini Japani likizo ndefu ya shule huanza mwishoni mwa Julai na kwenda karibu Agosti yote, wakati joto limepamba moto na hewa imejaa unyevu. Tarehe 23 Julai 2018 mji wa Kumagaya, katika mkoa wa Saitama, ulipimwa nyuzi 41.1, rekodi ya nchi nzima kwa wakati huo. Katika siku za namna hiyo familia hujifungia ndani, na ikifika Ijumaa saa 3 usiku wengi hufungulia Nippon TV, kituo ambacho kimekuwa kikionyesha filamu usiku huo tangu 1985. Kwa miaka mingi majira ya joto yamekuwa zamu ya katuni za Studio Ghibli, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1985, ikiwa na waongozaji wake wakuu Hayao Miyazaki na Isao Takahata. Kinachoonyeshwa mara nyingi ni kile ambacho wazazi walikiona wakiwa watoto, na sasa wanakaa na watoto wao kukiona tena. Wanajua nani atapotea, nani atapatikana na nani atalia. Hata hivyo wanakaa mpaka mwisho.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba watu hao wanataka kusahau: dunia ni ngumu, filamu ni laini, basi mtu anajifunika nayo kwa saa moja au mbili. Siamini maelezo hayo, kwa sababu hayalingani na kilichomo ndani ya filamu zenyewe. Chukua inayopendwa kuliko nyingi, Tonari no Totoro, yaani Jirani Yangu Totoro, aliyoiongoza Miyazaki mwaka 1988. Dada wawili, Satsuki na Mei, wanahamia kijijini na baba yao katika miaka ya 1950. Kuna mashamba ya mpunga, nyanya na matango yaliyopozwa kwenye maji baridi, na dubwana kubwa lenye manyoya linalolala ndani ya msitu. Lakini familia imehamia hapo ili iwe karibu na hospitali alikolazwa mama. Miyazaki aliyajua hayo vizuri, kwa kuwa mama yake mwenyewe aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi alipokuwa mtoto. Katika filamu hofu ya kufiwa ipo tangu mwanzo. Inafika siku simu ya maandishi inaletwa kutoka hospitali, Satsuki anaangua kilio kwa kuogopa kwamba mama atakufa, na Mei, mtoto wa miaka minne, anabeba hindi lake na kuondoka peke yake kumpelekea mama. Anapotea. Kandambili ya mtoto inaonekana ikielea bwawani. Filamu ya kusahaulisha isingethubutu kuonyesha kandambili ile.

Kinachofuata ndicho ninachokiona kuwa siri ya faraja. Kijiji kizima kinatoka. Wanaume wanaingia bwawani na kuchokoachokoa matope kwa miti mirefu, bibi jirani anashika viganja vyake akiomba, na yule mvulana ambaye awali alikuwa akiwazomea wageni anakimbia kumwita baba yake. Hakuna anayeuliza kama watoto hawa ni wa ukoo wao. Kandambili si ya Mei, na hatimaye msitu nao unatoa msaada wake, kwa basi lenye umbo la paka. Mama haponi papo hapo. Anarudi nyumbani katika picha zinazopita pamoja na majina ya watengenezaji, wakati hadithi yenyewe imekwisha. Kwa hiyo ahadi ya filamu ni ndogo lakini imara: hofu itakuja, na itakapokuja, hamtaachwa peke yenu. Naona hapo ndipo filamu ya faraja inapotofautiana na filamu iliyo tamu tu.

Ushahidi wa kupimia dai hili upo karibu mno, kwani Totoro haikutoka peke yake. Tarehe 16 Aprili 1988 iliingia sinema siku moja na kwa tiketi moja na Hotaru no Haka, Kaburi la Vimulimuli, ya Takahata, iliyotokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka ya mwaka 1967. Nayo ni ya studio ileile, ina ndugu wawili, mama mgonjwa wa majeraha, na majira ya joto ya mwaka 1945 karibu na mji wa Kobe. Michoro yake ni mizuri kwa kiwango kilekile, na baadhi ya wahakiki huiweka juu zaidi. Nayo imeonyeshwa mara nyingi katika Agosti, mwezi ambao Wajapani hukumbuka mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Lakini ni watu wachache wanaoirudia ili wapate utulivu. Tofauti haimo katika kiasi cha huzuni peke yake. Katika Kaburi la Vimulimuli milango inafungwa mmoja baada ya mwingine: shangazi anahesabu mchele, mkulima anampiga mvulana aliyeiba viazi, wapita njia kituoni wanamruka kijana anayekufa kwa njaa. Watoto wanaita na dunia haiitiki. Filamu hiyo ina haki yake na inapaswa kutazamwa, ila kazi yake ni nyingine.

Sasa, kwa nini kurudia? Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi na kuwaambia baadhi yao mwisho kabla ya kusoma. Kwa jumla, walioambiwa walifurahia zaidi. Mtu anaweza kupinga kwamba hadithi fupi si filamu, na pia kwamba watafiti wengine baadaye walipata matokeo ya kinyume. Pingamizi hilo ni la haki, wala sidai kwamba kujua mwisho siku zote kunaongeza utamu. Ninachodai ni chembamba zaidi: anayejua kwamba Mei atapatikana hulegeza bega, na macho yake yanapata nafasi ya kuwaona wanaomtafuta. Mara ya kwanza tunamtazama mtoto, na mara ya tano tunaanza kumtazama yule bibi. Mwaka 2013 mtafiti Jaye Derrick naye alichapisha matokeo kuwa watu waliochoka kwa kujizuia huelekea kurudi kwenye vipindi na vitabu wanavyovijua, na kwamba hilo huwarudishia nguvu. Mtoto anayemwomba bibi hadithi ya sungura ileile aliyoisikia jana, na kumsahihisha akiruka kipande, analijua hilo bila utafiti.

Kurudia kwa pamoja kunaongeza jambo jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 2013, Nippon TV ilipokuwa ikionyesha Laputa, filamu ya Miyazaki ya mwaka 1986, watazamaji walingoja sekunde ambayo watoto wawili wanalitamka neno la kuiangusha ngome ya angani, nao wakaliandika neno hilo Twitter kwa wakati mmoja. Ujumbe ulifika 143,199 kwa sekunde, rekodi ya dunia ya mtandao huo wakati ule. Kila mmoja alikuwa sebuleni kwake na feni yake. Walichokuwa wakithibitishiana ni kwamba nyumba ya pili na ya elfu nayo iko macho, jambo lilelile linalofanywa na kijiji cha Mei kando ya bwawa.

Pingamizi zito kuliko yote limetoka kwa Miyazaki mwenyewe. Wazazi walipomweleza kwa furaha kwamba watoto wao wameitazama Totoro mara nyingi mno, hakufurahi. Alisema yatosha kuitazama mara moja kwa mwaka, maana saa hizo zilizobaki mtoto angekuwa nje akiokota mbegu za miti. Naona ana haki, na jibu langu halimpingi. Televisheni ya Ijumaa iliweka mpaka bila kuutangaza: Totoro ilirudi karibu kila baada ya miaka miwili, na aliyeikosa alingoja au alitafuta kanda. Tangu Februari 2020 sehemu kubwa ya filamu za Ghibli imo Netflix katika nchi nyingi nje ya Japani, zikiwemo Kenya na Tanzania, na kitufe kinaweza kubonyezwa saa yoyote. Faraja inayopatikana kila saa hugeuka kelele za nyuma, za kumtulizia mtoto wakati mzazi ana kazi, na hapo wanaotafuta bwawani hawaonwi tena na mtu. Wenye nyumba basi wauweke mpaka wao: filamu moja kwa likizo, usiku mmoja uliokubaliwa, watu wazima wakiwa wamekaa na watoto mpaka picha za mwisho, zile ambamo mama anarudi, zipite zote.