Jasho la Lita, Tumbo la Kikombe

Asubuhi ya Julai pale Ganako, Karatu, mtu hutoka nje na sweta, na bado anajikunyata. Karatu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukungu unaoteremka kutoka Ngorongoro hauna haraka ya kuondoka. Kwa hiyo mtu wa huku anaponiuliza, "Nimekata utumbo, naweza kufanya yoga ya joto?" huwa natabasamu kwanza, kisha nakaa naye chini.

Tuanze na hilo jina la mtaani. Katika upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi, kinachokatwa ni mfuko wa chakula, wala si utumbo. Karibu robo tatu yake au zaidi huondolewa, kikabaki kitu kama mrija. Aina ya pili hutenga kijifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo mdogo. Puto, ambalo Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila ilianza kuliweka mwaka 2022, si upasuaji. Hupitishwa mdomoni likajazwa likiwa ndani. Njia ni tatu, ila zote zinakuachia shida moja: maji hayaingii tena kwa mkupuo.

Yoga ya joto nayo inakudai maji. Aliyeieneza sana ni Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, aliyeanza kuifundisha Marekani miaka ya 1970: mikao 26, dakika 90, chumba chenye nyuzi joto zipatazo 40.

Hesabu yake ni hii. Ndani ya chumba hicho mtu anaweza kutoa jasho la lita moja, wengine zaidi. Mwenye tumbo zima akitoka anashika chupa, anagugumia, kwisha habari. Wewe unakunywa kwa mafunda. Tuseme umeshazoea, unashusha mililita 30 kila dakika tano. Kwa saa nzima ni 360. Lita ile moja itakuchukua karibu saa tatu kuirudisha, na hapo hatujagusa lita moja na nusu hadi mbili ambazo mwili ulikuwa unazidai tangu alfajiri, wala ile nusu saa baada ya kila mlo ambayo umekatazwa kunywa. Ukiharakisha, unatapika, na deni linakua. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitali. Na usikimbilie soda: kwa aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi ikitumbukia ghafla huleta moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuhara.

Wengi hupenda joto kwa kuamini kwamba jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji na chumvi. Kilo uliyoipoteza darasani itarudi ukishakunywa vya kutosha, na ni lazima irudi.

Lililonifanya niandike safu hii ni jingine. Ganako sijakiona chumba cha yoga ya joto, lakini simu tunazo. Mtu anaangalia video, anafunga madirisha, anawasha jiko la mkaa ili chumba kipate joto, anatandika mkeka. Hapo tumeshatoka kwenye habari za tumbo. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini kila msimu wa baridi. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kulegea, mambo ambayo aliyetoka kwenye upasuaji atayasingizia tumbo lake. Usifanye hivyo, hata kwa dakika kumi.

Ubaridi wetu kwa kweli ni neema. Wiki za mwanzo tembea. Mteremko na mpando wa Ganako unatosha kabisa. Kunyanyua vizito, kujipinda kiuno na mazoezi ya kukaza tumbo subiri wiki sita au zaidi, kwa sababu vidonda vidogo vya nje hupona haraka kuliko misuli ya chini yake, na ngiri hutokea hapohapo. Kisha fanya yoga ya kawaida, dirisha likiwa wazi. Mikao ya kichwa chini iache ikiwa una kiungulia. Mfuko uliobaki mrija hurudisha asidi kwa urahisi.

Joto lenyewe mimi siliruhusu kabla ya miezi mitatu, na hata hapo kwa idhini ya daktari aliyekupasua. Mpelekee dawa zako azione. Kilo zikishuka, presha na sukari hushuka pia, lakini vidonge mara nyingi hubaki vilevile. Ukichanganya dawa ya presha ya kukojosha, mishipa iliyotanuliwa na joto, na kuinuka ghafla kutoka kwenye kuinama, utajikuta sakafuni.

Ukipata darasa mjini, kumbuka mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na wako umetoka kwenye sweta. Anayeteremka kwenye joto la Mang'ola kununua vitunguu anajua ninachosema. Kaa karibu na mlango, toka baada ya dakika 20, na usione haya. Jipime kwenye mizani kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji, na mimi nikiona imepita nusu kilo namwambia mtu arudi kwenye mkeka wa baridi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au maji yasipokaa tumboni siku nzima, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kesho yake misuli itauma, na duka la dawa liko njiani. Diklofenaki na aibuprofeni huchimba vidonda kwenye kijifuko, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Omba paracetamol, na mwambie muuzaji kuhusu upasuaji wako kabla hajafungua kabati.