Ulezi: Jedwali la Tatu



Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma wahame. Watu wakakimbilia Sake, Rutshuru, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Siku kama ile swali ni moja tu: mtoto huyu, tumuitie nani? Juu ya hiyo, sisi wa mwaka wa sita tunapenda kueleza namna ya kupanga daftari la walezi ndani ya programu ya intaneti.

Mwenye kuanza hutengeneza jedwali la wanafunzi, kila mstari mwanafunzi mmoja, na pembeni nafasi ya "mlezi". Lakini hapa kwetu mtoto hana mlezi mmoja. Baba iko Walikale, mama iko ku soko la Virunga, na shangazi ndiye analipa minervali. Je, tuongeze "mlezi wa pili", kisha "wa tatu"? Tena shangazi yuleyule analea watoto wanne ku masomo. Akibadilisha namba ya simu, lazima kuisahihisha mara nne, na mara mingi mahali pamoja panasahauliwa. Kumbe ndipo patatafutwa siku ya hatari.

Huo ndio uhusiano wa wengi kwa wengi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko Marekani, alionyesha kwamba habari zote zinaweza kuwekwa katika majedwali, hata uhusiano wenyewe. Basi tunafanya jedwali la tatu: kila mstari una namba ya mwanafunzi na namba ya mlezi. Watoto wanne, mistari minne. Simu ya shangazi inabaki mahali pamoja.

Sasa jina lake. Mafundi wengi wanaunganisha tu majina mawili: mlezi_mwanafunzi. Laravel, chombo cha kutengenezea programu hizo, hutazamia hivyo usipoiambia jina lingine: umoja, kwa kufuata alfabeti. Hatukatai, kama jedwali halina kitu kingine. Lakini hapa kuna mengi. Yeye ni mama ao shangazi? Nani analipa? Nani aitwe kwanza? Tangu lini? Mambo hayo si ya mtoto peke yake wala ya mlezi peke yake, ni ya katikati yao, na Kiswahili kinalo jina tayari: ulezi. Vilevile msomaji na kitabu: uazimaji. Mwimbaji na kwaya: uanachama (nasi tunawajua wenye kuimba katika kwaya tatu!). Jina likikosekana, afazali kuunganisha mawili kuliko kubuni neno ambalo hakuna mtu atalielewa.

Tena programu ikataze mtoto na mlezi walewale kuandikwa pamoja mara mbili. Mlezi akihama ao akifa, tunaandika tarehe ya mwisho ku mstari wa ulezi, na jina la mtoto haliguswi.