Nani Anayelipa Mtoto Akiacha Kazi?

Mwaka 2004 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipiga hesabu ambayo siku hizi haitajwi sana: kukomesha utumikishwaji wa watoto duniani ndani ya miaka 20 kungegharimu dola bilioni 760. Jumla hiyo inatisha, lakini mchanganuo wake ndio wenye mambo. Mipango ya kuwafuata watoto walio kwenye kazi mbaya zaidi, kuwatoa na kuwarudishia maisha yao, yaani karibu yote yanayotujia kichwani tukisikia "ulinzi wa mtoto", ilitengewa bilioni 9.4. Ni senti moja na ushei katika kila dola. Bilioni 493 zilikuwa za shule: madarasa, walimu, vitabu. Na bilioni 247 hivi, karibu theluthi ya bili yote, hazikuwa fedha za kujenga wala kununua chochote. Ilikuwa thamani ya kazi ambayo familia zenyewe zingeikosa watoto wakiacha kufanya kazi.

Upande wa faida, ILO walipata dola trilioni 5.1, karibu mara saba ya gharama, kwa makadirio kwamba kila mwaka wa ziada darasani humwongezea mtu kipato cha ukubwani kwa asilimia 11. Mfanyabiashara yeyote angeichangamkia biashara ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba gharama inamwangukia mzazi msimu huu, ilhali faida anakuja kuiona mwanawe miaka 15 baadaye, pengine akiwa mji mwingine.

Tuangalie idadi kwanza. Mwaka 2000 watoto waliokuwa wakitumikishwa duniani walikadiriwa kuwa milioni 246. Kufikia 2024, kwa makadirio ya ILO na UNICEF, wamebaki milioni 138, na kati yao milioni 54 wako kwenye kazi za hatari. Dunia ilikuwa imejiwekea lengo la kumaliza kabisa ifikapo 2025. Sasa ili imalize 2030 italazimika kwenda kwa kasi mara 11 ya ile ya sasa. Kusini mwa Sahara wako kama milioni 87, karibu wawili katika kila watatu. Kiwango cha ukanda wetu kimeshuka kutoka asilimia 24 ya watoto mwaka 2020 hadi 22, lakini kwa kuwa watoto wenyewe wanaongezeka, idadi haijasogea.

Hapo ndipo msomaji huuliza: kwani mtoto kumsaidia mama yake shambani nako ni utumikishwaji? Takwimu hizi zina mipaka yake. Mtoto wa miaka 12 hadi 14 huhesabiwa akifikisha saa 14 za kazi ya uzalishaji kwa wiki. Wa 15 hadi 17, akifikisha saa 43. Aliye chini ya miaka 12 huhesabiwa hata kwa saa moja. Kazi ikiwa ya hatari, anahesabiwa kwa saa zozote. Kazi za nyumbani kwao, kama kuchota maji, kupika na kubeba mdogo mgongoni, hazimo katika hesabu kuu ya dunia, kwa hiyo wasichana wengi hawaonekani humo.

Tanzania Bara ilifanya utafiti wake wa kitaifa mwaka 2014. Watoto milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 walikutwa wakitumikishwa, asilimia 28.8 ya wote wa umri huo, na zaidi ya milioni 3 kati yao walikuwa kwenye kazi za hatari. Picha zinazosambaa ni za machimbo ya Geita na Chunya, mtoto akikanda mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu. Ni za kweli, na Human Rights Watch walilieleza hilo kwa kirefu mwaka 2013. Ila katika utafiti ule zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walikuwa kwenye kilimo, mifugo, misitu na uvuvi.

Chukua tumbaku ya Urambo, mkoani Tabora. Majani huiva kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo shamba moja huchumwa kwa awamu, na jani likishaiva halisubiri. Mavuno yenyewe huangukia miezi ya mwanzo wa mwaka, shule zikiwa zimefunguliwa Januari. Anayechuma asubuhi yenye umande anaingiwa na nikotini kupitia ngozi: kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu, anatapika. Majani yafungwe kwenye fito, yaingizwe banini yakaushwe, na moto uangaliwe usiku kucha. Mkulima asiye na fedha ya vibarua ana watu gani wa kuwaita zaidi ya wanawe?

Serikali imeweka nguvu kwenye lile fungu la shule, la dola bilioni 493, na si haba. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Ukitumia kiwango cha shule ya msingi cha wanafunzi 45 kwa darasa, nafasi moja ya kukaa ni kama shilingi 444,000. Kuwapatia nafasi watoto milioni moja ni shilingi bilioni 444 kabla ya kuajiri mwalimu hata mmoja. Ruzuku ya uendeshaji nayo iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 zilikatwa za vitabu na 6,000 kupelekwa shuleni. Hizo 6,000 zigawe kwa siku 194 za masomo: shilingi 31 kwa siku.

Fungu la tatu ni la kazi inayokosekana nyumbani. Kilicho karibu nalo ni ruzuku za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini. Katika awamu iliyoanza 2012, kaya maskini yenye watoto wawili wa shule ya msingi ilistahili shilingi 10,000 za msingi, 4,000 za kuwa na watoto, na 2,000 kwa kila mwanafunzi: 18,000 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Viwango vimepanda baadaye, lakini ile 2,000 ilikuwa kama shilingi mia kwa siku ya shule. Tathmini ya mpango huo ilionyesha jambo la kuchekesha kidogo. Mahudhurio yaliongezeka na watoto wakapunguza vibarua vya malipo kwa watu wengine, ila kazi kwa jumla haikupungua. Kaya zilipata mifugo, na mifugo inataka mchungaji. Kwangu hayo bado ni maendeleo, maana mbuzi wa nyumbani si sawa na tajiri wa shimoni, mradi saa za kuchunga zisizidi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa upande wake iliweka faini isiyopungua shilingi laki moja au kifungo cha miezi mitatu, au vyote, kwa anayemtumikisha mtoto kinyonyaji. Faini hiyo ya chini haifiki robo ya nafasi ile moja ya darasani.

Tuseme imepatikana shilingi bilioni moja ya ziada. Inajenga madarasa 50 ya watoto 2,250, na yatadumu miaka mingi. Bilioni hiyohiyo inaweza kuongeza shilingi 18,000 kwa mwezi, Januari hadi Aprili, kwa kaya 13,900 hivi za wilaya za tumbaku, na kufikia Mei imekwisha. Mimi ningeipeleka huko, na ningeilipa kila mwezi badala ya miezi miwili, kwa sababu kibarua anadai chake jioni ileile na darasa jipya Urambo halimfai mtoto ambaye Februari yuko shambani.