Bombo ya minti ina sukari kiasi gani?

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya kitu kidogo sana ambacho kiko katika kila kibanda cha soko letu na katika mfuko wa karibu kila mtoto: bombo ya minti. Wengine hapa wanasema pipi, wengine peremende. Ni kitu kile kile.

Tulianza kufikiria jambo hili siku moja ya mgao. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na mzee mmoja wa mtaa wetu alikuwa amesimama tangu asubuhi bila kula. Mzee huyu ana ugonjwa wa sukari na anachoma insulini. Saa tano hivi akaanza kutoka jasho, mikono ikatetemeka, akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Mjukuu wake ni mtoto mwerevu, alikuwa ameambiwa: babu akiwa hivi mpe kitu cha sukari haraka. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti la babu, akatoa kikopo cha minti, akampa mbili. Akangoja. Hakuna kilichobadilika. Akampa nyingine. Bado. Kumbe kikopo kile kilitoka kwa mpwa wa mzee aliyehamia Marekani, na kijana yule, kwa upendo, alimchagulia mjomba wake minti zisizo na sukari kabisa. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yao ndiye aliyekimbia kutafuta sukari ya kawaida, akaikoroga katika kikombe cha maji, mzee akanywa. Baada ya muda akarudiwa na akili yake.

Hakuna aliyefanya ubaya pale. Ni kwamba kopo lilikuwa limeandikwa kwa lugha ambayo hatuisomi vizuri, na bombo za minti zinafanana zote: nyeupe, baridi, zinanukia. Kwa hiyo tukasema, basi, tuzisome.

Kwanza tuondoe wazo moja. Wengi wetu tumezoea kusema minti ni dawa, au ni "nyepesi", haina sukari nyingi kama tofi au biskuti. Mama mmoja wa duka alituambia, "Mwalimu, hii ni ya kifua, siyo ya utamu." Tunamheshimu mama, lakini hapana. Kitu kinacholeta baridi ile kinaitwa mentholi, kinatoka katika mafuta ya mmea wa minti. Mentholi haipoozi mdomo hata kidogo. Inagusa vipokezi vya mishipa ya fahamu ambavyo kazi yake ni kupokea baridi, na ubongo unadanganyika kwamba baridi imeingia. Wanasayansi wawili wa Marekani, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa upande wake, walitumia mentholi kutafuta kipokezi hicho, na mwaka 2021 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na kuguswa. Mentholi katika bombo moja ni kidogo mno. Iliyobaki karibu yote ni sukari.

Sasa hesabu. Tulifanya na darasa letu la tano, na tunawaambia kweli, hawajawahi kupenda kugawanya kama siku ile. Mizani ya sokoni haioni uzito wa bombo moja, kwa hiyo tulitumia njia nyingine: soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti, gawanya kwa idadi ya bombo zilizo ndani.

Mentos ya minti, ule mviringo wa karatasi, ina kama gramu 38 na bombo 14. Moja ina gramu 2.7. Lebo inasema sukari ni gramu 2 kwa bombo moja. Mviringo mzima basi ni kati ya gramu 25 na 28, maana lebo zinakata namba ili ziwe nzima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba sukari kama gramu 4. Kwa hiyo mtoto akimaliza mviringo ule amekula vijiko 6 au 7.

Tic Tac ndiyo iliyoleta kelele darasani. Kikopo kimoja kilikuwa kimefika katika kifurushi kutoka Marekani, kile cha gramu 29 chenye punje 60 hivi. Kwenye lebo ya kule, mbele ya neno sukari, imeandikwa sifuri. Mwanafunzi mmoja akasimama: "Mwalimu, 60 mara 0 ni 0. Mbona ni tamu?" Swali zuri kuliko tuliyoandaa sisi. Jibu ni hili: punje moja ina gramu 0.49, na sheria ya Marekani inaruhusu kuandika 0 kama sukari katika kipimo kimoja haifiki nusu gramu. Wao wameamua kipimo kimoja ni punje moja. Lakini ukishuka chini kwenye orodha ya vilivyomo, neno la kwanza ni sukari, na katika orodha ile kinachoandikwa kwanza ndicho kilichowekwa kwa wingi. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za punje ile ni sukari. Kikopo chote ni karibu gramu 27. Haya, sifuri hiyo!

Polo, ile yenye tundu katikati, nayo katika kila gramu 100 ina sukari zaidi ya 90. Life Savers za minti, ambazo nazo zina tundu na zinaletwa katika vifurushi vya ndugu, ni nzito zaidi: nne tu zinakupa karibu gramu 15. Altoids, zile za kikopo cha bati, ni ndogo na kali sana mdomoni. Tatu zina uzito wa gramu 2, na gramu 2 hizo karibu zote ni sukari. Ukali wake hauna uhusiano na sukari, ni mafuta ya minti tu.

Halafu kuna zile ngumu za mistari myekundu na myeupe, na ndugu zake za rangi nyingine zinazouzwa moja moja. Hapa kuna mtego. Lebo ya bombo ngumu ya kawaida inaweza kuonyesha sukari gramu 63 hivi katika 100, mtu akasema, aa, afadhali hii. Lakini tazama mstari ulio juu yake, ule wa jumla ya wanga: ni 98. Tofauti inatoka wapi? Bombo hizi hupikwa kwa sukari pamoja na sharubati ya glukosi, ambayo hutengenezwa kwa wanga wa mahindi. Sehemu ya sharubati hiyo haihesabiwi kuwa sukari kwenye lebo, lakini ikifika tumboni inavunjwa, inakuwa glukosi, inaingia katika damu kama nyingine. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, mstari wa kusoma ni ule wa jumla.

Kwa hiyo anayetuuliza ni minti gani ya kawaida yenye sukari kidogo, tunamjibu: ukipima gramu kwa gramu, tofauti ni ndogo sana. Kinachotofautiana ni ukubwa wa bombo, na ni ngapi unakula, na kwa muda gani.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Nusu hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6. Kwa mtoto ni chini yake. Sasa ongeza chai ya asubuhi. Hata hivyo hatutaki kuwatisha. Familia nyingi hapa shida yao siyo kula kingi, na bombo moja siku ya furaha haijamuua mtu. Kinachotusumbua sisi walimu ni meno.

Tunayaona kila siku. Mtoto anashika shavu, hasikii somo, usiku hajalala, na mama yake anasema ni jino tu. Mdomoni kuna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi, na asidi ile inalainisha ganda gumu la jino. Kila mara sukari inapoingia, asidi inakaa kama nusu saa kabla mate hayajaisafisha. Mtoto anayekula bombo 6 kwa mara moja baada ya chakula, meno yake yanashambuliwa mara moja. Anayezinyonya moja kila saa, kutoka asubuhi hadi jioni, anashambuliwa mara 6, na sukari ni ile ile. Hili lilionekana katika uchunguzi uliofanyika Vipeholm, huko Sweden, katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950: waliopewa tofi za kunata kati ya milo waliozwa na meno vibaya zaidi kuliko waliopata sukari wakati wa chakula. (Waliofanyiwa hivyo walikuwa watu wenye ulemavu wa akili, na hawakuombwa ruhusa. Matokeo tunayatumia, lakini njia ile ilikuwa dhuluma.)

Minti ndiyo hatari zaidi kwa jambo hili, maana imetengenezwa kunyonywa polepole. Tena kuna watoto, na hata wakubwa, wanaoitumia badala ya kusugua meno: harufu mbaya inafunikwa, mtu anaingia kanisani au msikitini au darasani akinukia vizuri, na vijidudu vilivyoleta harufu vimepewa chakula. Kama hakuna dawa ya meno, mswaki wa mti na maji ni bora mara nyingi kuliko bombo. Kama ipo, tafuta yenye floridi, asubuhi na usiku, na usiku ndiyo ya lazima.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto akifika miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto linaota gego la kudumu. Linaota bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana mnadhani nalo ni la utoto, ati litabadilika. Halibadiliki. Likioza, ndiyo basi. Washa tochi usiku huu umtazame wa kwako.

Na zile zisizo na sukari? Zipo kweli, zinawekwa sorbitoli au zailitoli. Vijidudu vya mdomoni haviwezi kuzitumia kutengeneza asidi kama wanavyofanya na sukari, kwa hiyo kwa meno ni nzuri. Ni ghali, na mtoto akila nyingi ataharisha. Mbwa asipewe kabisa yenye zailitoli, inamuua. Bombo yoyote ngumu, yenye sukari au isiyo nayo, asipewe mtoto wa chini ya miaka 4, itamkaba koo.

Lakini kwa mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akianza kutoka jasho na kutetemeka, moyo ukienda mbio, akachanganyikiwa, minti isiyo na sukari haimsaidii chochote. Anahitaji gramu 15 za sukari, na azipate haraka. Rahisi kuliko yote ni vijiko 4 vya chai vya sukari katika maji, anywe. Kama kuna bombo tu, atafune, asinyonye: za mistari tatu, Life Savers nne, Mentos 7 au 8. Tic Tac ni zaidi ya 30, kwa hiyo usihangaike nayo. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula, uji au ugali au kiazi, maana sukari ile inakwisha upesi. Na kama amepoteza fahamu au hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, piga kelele majirani waje, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Tulipomaliza hesabu zetu tulimtembelea mzee. Mjukuu wake, ambaye yuko katika darasa lile lile la tano, alikuwa ameshampimia vijiko 4, akavifunga katika kipande cha mfuko wa plastiki, fundo moja, na kukiweka katika mfuko wa koti upande wa kulia. Minti za Marekani ziko upande wa kushoto. Mzee anasema hizo ni za kunukia tu, akienda kuongea na wazee wenzake.

Mwenye kopo au pakiti asiyoweza kuisoma alete shuleni Jumamosi, baada ya saa nne. Tutaisoma pamoja.