Risiti Imetumwa, Mbona Haijafika?

Mteja amelipa, SMS imeingia, lakini risiti ya barua pepe haionekani. Anapiga simu akidhani pesa imepotea. Kabla hujamrudishia, mwambie aangalie spamu, kisha muulize fundi wa seva yako: tuna rekodi ya PTR?

DNS ya kawaida hugeuza jina kuwa namba ya IP. Hii ya kinyume huuliza: namba hii ni ya nani? Ni kama vile wewe hukagua jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Gmail huikagua, na ikikosekana barua inaweza kukataliwa.

Namba huandikwa kinyumenyume, na hapo hata mafundi hukosea. Seva yenye 192.0.2.25 hutafutwa kama 25.2.0.192.in-addr.arpa. Lakini usikimbilie kutengeneza zoni kwa seva yako. Kwa kawaida iko mikononi mwa aliyekupa IP, sio aliyekuuzia jina la .co.ke. Mwombe aelekeze namba kwa jina la seva, nalo jina lirudi kwa namba hiyo hiyo.

Mteja naye mtumie kodi ya muamala kwa SMS akingoja. Pesa yake iko.