Walianza kwa Kusoma, Pesa Zikaja Baadaye



Korona ilipofunga hoteli na kusimamisha mashamba ya maua mwaka 2020, vijana wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Tangu wakati huo karibu kila kikundi kinachotutembelea kinauliza swali moja tu: mkopo tutapata wapi? Leo tunawaletea habari za watu waliokuwa na shida kama hizi, lakini wao waliuliza swali lingine kwanza.

Watu hao ni wavuvi wa Nova Scotia, upande wa mashariki wa Kanada. Msidhani kwa kuwa ni Wazungu walikuwa na raha. Mfanyabiashara ndiye aliyepanga bei ya samaki, na ni huyo huyo aliyewakopesha nyavu na unga. Msimu ukiisha na hesabu ikipigwa, mvuvi anaambiwa ati bado ana deni. Wenzetu wanaouza mahindi yakiwa bado shambani wanaijua sana hesabu hiyo.

Mwaka 1927 wavuvi wa Canso walilalamika hadharani, na serikali ikaunda tume. Mwaka 1928 chuo kikuu cha Kikatoliki cha Antigonish kilianzisha idara ya kuelimisha watu wazima vijijini, na Padre Moses Coady akawekwa kuiongoza. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaanguka, mambo yakazidi kuwa magumu.

Padre Coady hakuja na gunia la pesa. Aliita mkutano, watu wakasema shida zao, kisha wakajigawa katika vikundi vidogo vya majirani. Walikutana jikoni kwa mwenzao msimu wa baridi, asiyejua kusoma akisomewa. Na masomo yenyewe hayakuwa ya juu. Kwa mfano, kamba wakubwa wa baharini, wale ambao watu wa Pwani huwaita kambakoche: sisi tunawauza bei gani? Wakifika Boston wanauzwa bei gani? Hiyo tofauti inaliwa na nani?

Hapo ndipo kazi ilipopatikana. Watu wa kijiji cha Little Dover, kimoja cha vijiji maskini kabisa, walitiwa moyo na Padre Jimmy Tompkins. Walikata miti msituni, wakajenga kwa mikono yao kiwanda kidogo cha kutia kamba kwenye mikebe. Walikopa, ndiyo, lakini kidogo, na walijua watalipa kutoka wapi. Baadaye, huko Reserve Mines, familia 11 za wachimba makaa ya mawe zilisoma kwanza habari za ujenzi na mikopo, hata wakatengeneza mifano ya nyumba kwa karatasi ngumu. Mwaka 1938 nyumba zenyewe zilikuwa zimesimama.

Si kila duka lao la ushirika lilidumu, tusidanganyane. Lakini chuo cha Coady kilichofunguliwa mwaka 1959 kimefundisha viongozi wa vijiji kutoka nchi nyingi, Wakenya wakiwemo.

Hapa kwetu serikali ilianzisha mfuko wa vijana mwaka 2006, wa wanawake 2007, na Uwezo 2013. Kuomba si vibaya. Kinachotuumiza ni kuona kikundi kinagawana mkopo siku ile ile umefika, kila mtu na bahasha yake, halafu wakati wa kulipa mwenyekiti anabaki peke yake, na majirani hawasalimiani tena.

Kwa hivyo mkutano ujao, kabla ya kuzungumza juu ya mkopo, chagueni kitu kimoja ambacho wengi wenu mnauza: maziwa, karanga, maparachichi, chochote. Tumeni watu wawili sokoni siku ya soko, mmoja awe anajua kuandika. Waandike bei ya mnunuzi wa mashambani, bei ya sokoni, nauli ya matatu, gunia, ushuru, na vilivyooza njiani. Wafanye hivyo miezi mitatu, maana bei hupanda na kushuka. Daftari hilo lisomwe mbele ya wote. Ndipo mtajua kama mnahitaji mkopo wa elfu hamsini, au elfu tano, au mnahitaji tu kuuza pamoja.